Uzito na Afya ya Mtoto wa Paka

Paka hafugwi Afrika ya Mashariki kwa kupendeza macho tu. Katika nyumba zinazohifadhi mahindi, mpunga au mtama kwa miezi kadhaa baada ya mavuno, yeye ndiye mlinzi wa ghala, na mwenye ghala asiye na paka huijua hasara yake siku ya kufungua magunia. Hata mijini, ambako unga hununuliwa kwa kilo moja moja, wapo wengi wanaofuga paka kwa sababu ya panya wa darini. Lakini kabla ya kufikia umri wa kuwinda, mtoto wa paka hupitia wiki kumi na mbili za hatari, na wengi hufa katika kipindi hicho bila ya wenye nyumba kufahamu sababu. Aghalabu husemwa tu kwamba alikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Kauli hiyo haielezi kitu. Mwili wa mtoto wa paka hutoa dalili za njaa na maradhi mapema sana, na dalili iliyo rahisi kupimika kuliko zote, ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuipima kwa usahihi, ni uzito.

Mwalimu wa fizikia atakumbusha, na ana haki, kwamba kinachosomwa kwa gramu ni tungamo wala si uzito. Hata hivyo, sokoni, zahanati na kwa bwana mifugo neno linalotumika ni uzito, nalo ndilo litakalotumika hapa.

Swali ambalo watu huuliza kwa kawaida ni hili: paka wa umri fulani awe na gramu ngapi? Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe limetolewa hapa chini. Lakini peke yake halitoshi. Watoto wawili wa paka waweza kuwa na gramu 700 kila mmoja, mmoja akawa mzima kabisa na mwingine akawa amebakiza siku chache za kuishi. Ili kuwatofautisha, yahitajika kujua mambo mawili zaidi. Kwanza, uzito huo umefikiwaje, yaani ulikuwa kiasi gani jana na wiki iliyopita. Pili, uzito huo umetokana na nini: nyama, mafuta, maji au minyoo. La kwanza hujulikana kwa mizani na daftari. La pili hujulikana kwa mkono.

Siku za kwanza

Paka huchukua mimba kwa muda wa siku 63 hadi 65 hivi, na mtoto wake huzaliwa akiwa na uzito wa karibu gramu 100, pungufu au zaidi kidogo. Huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Jambo kubwa zaidi, ambalo halionekani kwa macho, ni kwamba hawezi bado kuhifadhi joto la mwili wake mwenyewe.

Sababu ya udhaifu huo yaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la uso la sentimita za mraba 6 na ujazo wa sentimita ya ujazo 1. Mchemraba wenye upande wa sentimita 10 una eneo la 600 na ujazo wa 1000. Katika mchemraba mdogo, kila kipimo kimoja cha ujazo kina vipimo sita vya uso. Katika mkubwa, hakifikii hata kimoja. Joto hutengenezwa na ujazo, yaani nyama na viungo vya ndani, lakini hupotea kwa kupitia uso, yaani ngozi. Hivyo basi, kiumbe mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa, na mtoto wa paka wa gramu 100, asiye na mafuta chini ya ngozi na ambaye hajui kutetemeka kwa baridi, hutegemea joto la mama yake na la ndugu zake. Akitengwa nao katika usiku wa baridi wa Njombe au wa Limuru, hupoa. Akipoa, matumbo yake hupunguza kazi. Na matumbo yakilegea, hata maziwa aliyokwisha kunywa hayasagiki. Ndiyo maana mtoto wa paka aliyepoa hupashwa joto kwanza, taratibu, kwa kitambaa na chupa ya maji ya uvuguvugu, ndipo anyonyeshwe. Anayempa maziwa kabla ya kumpasha joto humdhuru.

Mtoto mzima hunyonya katika saa za mwanzo na kupata dang'a, maziwa ya kwanza yenye kingamwili za mama. Kingamwili hizo hupenya katika ukuta wa utumbo wake kwa muda wa siku ya kwanza tu. Baada ya hapo mlango hufungwa. Kuanzia hapo huongezeka gramu 10 hadi 15 kila siku, na kati ya siku ya saba na ya kumi na nne huwa amefikia mara mbili ya uzito wake wa kuzaliwa. Mtoto wa binadamu huhitaji miezi mitano hivi ili kufikia hatua hiyo. Tofauti hiyo imeandikwa katika maziwa yenyewe: maziwa ya mwanamke yana protini ya karibu asilimia 1, ya ng'ombe asilimia 3 na kitu, na ya paka karibu asilimia 7 au zaidi.

Kasi hiyo ndiyo inayofanya mizani iwe chombo cha thamani. Mnyama ambaye desturi yake ni kuongezeka kila siku, akisimama siku moja tayari ametoa habari. Tuchukulie watoto wawili wa tumbo moja, na tuwaite A na B. A amezaliwa mdogo, gramu 80. Siku tatu zinazofuata apimwapo ana 90, 101 na 113. B amezaliwa mkubwa, gramu 118; siku zizo hizo ana 118, 117 na 115. Siku ya nne mtu akija akawashika wote wawili, atasema B ndiye mzito, na kwa hakika bado amemzidi mwenzake kwa gramu 2. Lakini A amekwisha kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 40, na B anapungua. Aliye hatarini ni B. Huenda hapati chuchu yenye maziwa, huenda ana kasoro ya kaakaa inayomzuia kunyonya, huenda ameanza kuugua. Vyovyote iwavyo, ana siku moja au mbili za kusaidiwa, wala si wiki. Kwa macho matupu B angetambuliwa akiwa amekwisha kupoa na kunyamaza, na hapo mara nyingi huwa ni kuchelewa.

Yafaa pia kukumbuka kwamba gramu hazina thamani moja katika miili tofauti. Mtoto wa gramu 100 akipoteza gramu 10 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 60 kupoteza kilo 6 kwa siku moja. Paka wa kilo moja akipungua gramu hizo hizo 10, yawezekana amekojoa tu.

Mstari wa ukuaji

Baada ya siku za mwanzo, ukuaji wa mtoto wa paka hufuata kanuni inayofurahisha kwa urahisi wake. Kwa wastani huongezeka karibu gramu 100 kila wiki. Kwa kuwa alizaliwa na gramu 100 hivi, uzito U kwa gramu, katika wiki ya W, hukadiriwa kwa mlinganyo

U = 100 + 100W

ambao mwanafunzi yeyote aliyesoma grafu ataitambua kuwa ni mstari mnyofu wenye mteremko wa 100. Mlinganyo huu hufaa hadi mwezi wa tano takriban, ndipo mstari huanza kupinda na kulala. Lakini wanyama hawazaliwi kwa kanuni moja, kwa hiyo ni vema kutumia ukanda badala ya mstari mmoja. Kwa paka wa kawaida wasio wa nasaba maalumu, ukanda huo ni kama ifuatavyo:

Wiki 1: gramu 150 hadi 250
Wiki 2: gramu 250 hadi 350
Wiki 4: gramu 350 hadi 550
Wiki 6: gramu 550 hadi 750
Wiki 8: gramu 700 hadi 950
Wiki 12: gramu 1100 hadi 1500
Wiki 24: gramu 2300 hadi 3300

Mstari mnyofu una siri moja inayostahili kujadiliwa darasani. Nyongeza ya gramu ni ileile kila wiki, lakini nyongeza kwa asilimia hupungua daima. Katika wiki ya kwanza mtoto hutoka gramu 100 hadi 200, yaani asilimia 100. Katika wiki ya tano hutoka 500 hadi 600, yaani asilimia 20. Katika wiki ya kumi, asilimia 10 tu. Hii ndiyo sababu mtoto mchanga hupimwa kila siku, wa mwezi mmoja akapimwa mara mbili kwa wiki, na wa miezi mitatu mara moja kwa wiki. Upimaji hufuata kasi ya mabadiliko.

Madume na majike huenda pamoja mwanzoni. Kuanzia mwezi wa tatu hivi dume huanza kumwacha jike, na tofauti hiyo huongezeka hadi utu uzima.

Ni dhahiri kwamba jedwali la namna hii halina maana kwa asiyejua umri wa paka wake, na paka wengi huokotwa. Hapo meno husaidia. Meno ya utoto huanza kutokeza kati ya wiki ya pili na ya nne, yakianza yale madogo ya mbele, na hukamilika yote 26 kufikia wiki ya nane au karibu yake. Meno ya mbele ya utu uzima hutokea katika mwezi wa nne, na meno yote 30 ya kudumu huwa yamekamilika kufikia mwezi wa saba. Paka mwenye umbo la wiki sita ambaye tayari anabadilisha meno ya mbele si mtoto wa wiki sita. Ni mtoto wa miezi minne aliyedumaa. Makosa ya namna hii ni ya kawaida mno, kwani njaa humfanya mtoto aonekane mchanga, na mwenye nyumba hudhani anaye muda mwingi wa kungoja akue.

Wazo la kusoma mwelekeo badala ya namba moja si geni kwa wasomaji. Kila mama aliyempeleka mtoto wake kliniki ameiona kadi yenye mistari iliyopinda, ambamo muuguzi hutia alama kila mwezi. Kadi ya aina hiyo ilibuniwa na daktari Mwingereza, David Morley, alipokuwa akifanya kazi huko Ilesha, Nigeria, katika miaka ya 1950 na 1960. Alitambua kwamba mtoto mdogo kwa umbo ambaye alama zake zinapanda sambamba na mistari hana shida, na kwamba mtoto mkubwa ambaye alama zake zimelala kwa miezi miwili ana shida, hata kama bado yumo ndani ya ukanda mwema. Kwa paka kanuni ni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mwezi wa binadamu huwa ni siku chache za paka.

Kupima

Mizani ya bafuni haifai. Watu wengi hujipima wakiwa wamembeba paka, kisha wakajipima bila ya paka na kutoa. Tuseme mizani hiyo ina alama kila nusu kilo, na kila usomaji waweza kukosea kwa robo kilo juu au chini. Makosa mawili yakikutana, tofauti yaweza kukosea kwa nusu kilo, ilhali paka mwenyewe ana gramu 600. Kipimo cha namna hiyo hakipimi kitu. Mizani ya jikoni, mizani ya dukani yenye mawe madogo, au mizani ya mihimili mitatu iliyo katika maabara za shule hutosha kabisa. Paka atiwe ndani ya bakuli refu au kikapu kidogo kilichokwisha kupimwa uzito wake, kwa maana hatatulia juu ya sahani. Akichezacheza, asomwe mara tatu na kuchukuliwa usomaji wa kati. Apimwe saa ileile kila mara, na kabla ya kula, kwa kuwa tumbo lililojaa huongeza makumi ya gramu yasiyo ya mwili wake. Ndugu wanaofanana rangi wafungwe uzi wa pamba wa rangi mbalimbali shingoni, uzi uliolegea na unaobadilishwa kila baada ya siku chache, kwa sababu shingo nayo inakua.

Mkono

Sasa turudi kwa wale wawili wenye gramu 700. Mizani haiwezi kuwatofautisha. Mkono waweza.

Katika mwaka 1997 daktari wa mifugo wa Marekani, Dorothy Laflamme, alichapisha mizani ya madaraja tisa ya kukadiria hali ya mwili wa paka kwa kuangalia na kupapasa. Daraja la 1 ni mifupa mitupu, la 9 ni unene wa kupindukia, na la 5 ndilo la kati linalotakiwa. Ilitungwa kwa paka wazima, lakini namna yake ya kupapasa humfaa pia mtoto aliyekwisha kuacha kunyonya. Mtu aweza kujifunza madaraja makubwa kwa kutumia mkono wake mwenyewe. Akunjue kiganja, apitishe vidole vya mkono wa pili juu ya mgongo wa mkono ule: mifupa inasikika, lakini ina kifuniko chepesi juu yake. Hivyo ndivyo mbavu za paka mwenye afya zinavyosikika. Akunje ngumi na kupapasa vifundo: mifupa hujitokeza kwa ukali. Mbavu za namna hiyo ni za paka mwenye njaa au mgonjwa. Akigeuza kiganja na kubonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba, mifupa itatafutwa kwa shida. Paka wa namna hiyo amenenepa kupita kiasi, jambo ambalo kwa watoto wa paka ni nadra.

Baada ya mbavu, mkono upite juu ya uti wa mgongo na juu ya mifupa ya nyonga. Nyama za pande mbili za uti zinatakiwa zijaze, isionekane safu ya vinundu kama tasbihi.

Tumbo huachwa mwisho kwa makusudi, kwa kuwa tumbo ni shahidi mwongo. Katika nyumba nyingi mtoto wa paka mwenye tumbo la mviringo husifiwa kwamba ameshiba. Tumbo la shibe lipo, lakini hupungua saa chache baada ya mlo. Tumbo lisilopungua asubuhi wala jioni, lililokaa chini ya mbavu zinazohesabika na mgongo uliochongoka, si la shibe. Hali hiyo yafanana na ile iliyoonekana kwa watoto wa binadamu wenye kwashiakoo, ambao tumbo na uvimbe uliwadanganya wazazi wakadhani mtoto ananenepa.

Kwa watoto wa paka mhalifu wa kwanza ni minyoo ya mviringo iitwayo Toxocara cati. Mayai yake hukaa udongoni, na baadhi ya viluwiluwi vyake hujificha katika nyama za paka mzima bila kumsumbua. Jike akizaa, viluwiluwi hivyo huamka, hupanda katika matiti, na kuingia kwa watoto pamoja na maziwa. Kwa hiyo mtoto wa paka ambaye hajawahi kukanyaga nje ya chumba aweza kuwa na minyoo. Minyoo hiyo hula kabla yake. Chakula kikiongezwa, tumbo hukua na mbavu hubaki pale pale. Mizani huonyesha gramu zinazopanda, na sehemu yake ni minyoo na hewa. Ndiyo sababu madaktari wa mifugo huanza kutoa dawa ya minyoo katika wiki ya tatu na kuirudia kila baada ya wiki mbili hadi mtoto aache kunyonya. Jambo hili lahusu pia afya ya watu, kwani mayai yaliyokaa udongoni wiki kadhaa yaweza kuwaambukiza watoto wanaochezea mchanga.

Ipo hali nyingine mbaya zaidi, ambayo katika hiyo mizani hudanganya waziwazi. Katika ugonjwa mmoja unaotokana na virusi vya jamii ya korona, tumbo la paka mchanga hujaa maji. Uzito hupanda vizuri juu ya grafu huku nyama za mgongo zikiyeyuka. Anayetegemea namba peke yake atafurahi hadi siku ya mwisho. Kinyume chake ni kuhara: mwili wa mtoto wa paka una maji ya zaidi ya robo tatu ya uzito wake, na kwa usiku mmoja wa kuhara aweza kupoteza gramu nyingi ambazo si nyama bali ni maji. Mkono hautaona mabadiliko ya mbavu, lakini mizani itapiga kelele. Ndiyo kusema kila kimoja kati ya mizani na mkono huona kile ambacho mwenzake hakioni.

Mwenye kupapasa na afungue pia mdomo na kutazama ufizi. Ufizi mweupe kwa mtoto mwenye viroboto wengi ni upungufu wa damu, kwa sababu viroboto kumi kwa paka wa gramu 400 si jambo dogo kama walivyo kwa mbwa. Hapa lazima tahadhari itolewe. Dawa za viroboto za mbwa zenye pamethrini humuua paka, na kadhalika vidonge vya parasetamoli, hata kipande. Dawa zinazomfaa hupimwa kwa uzito wa mwili, na anayekisia uzito hukisia sumu.

Chakula kinachojenga uzito

Paka ni mlanyama kwa maumbile, wala si kwa uchaguzi. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa kufugwa wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Kati, wa jamii moja na yule anayeishi hata leo katika mbuga za Afrika ya Mashariki. Kiumbe huyo hula panya, ndege na mijusi, na mwili wake umepoteza uwezo wa kutengeneza vitu ambavyo chakula hicho kilimpa tayari. Hawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A. Hawezi kutengeneza taurini ya kutosha, kemikali iliyomo katika nyama na samaki na isiyokuwamo katika nafaka. Katika mwaka 1975 wachunguzi wa Marekani walithibitisha kwamba paka anayekosa taurini huharibika jicho, na mwaka 1987 wale wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis wakaonyesha kwamba moyo wake hutanuka na kushindwa kazi.

Mtoto wa paka wa wiki kumi, kwa kila kilo ya mwili wake, huhitaji nishati mara mbili hadi tatu ya paka mzima, na tumbo lake ni dogo. Kwa hiyo ugali na mchuzi, ambao humjaza bila kumjenga, huonekana upesi katika grafu: mstari hulala kuanzia wiki anayoachishwa kunyonya. Maziwa ya ng'ombe hayafidii upungufu huo. Protini yake ni nusu ya ile aliyoizoea, na laktosi yake huwaharisha wengi. Nyama tupu nayo, ingawa wenye uwezo huiona kuwa ndiyo heshima ya paka, ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na mtoto aliyelishwa nyama tupu kwa wiki kadhaa hunyonya kalsiamu kutoka katika mifupa yake mwenyewe hadi mguu ukavunjika kwa kuruka kutoka kitini. Uzito wake waweza kuwa sawasawa kabisa.

Kwa nyumba isiyonunua chakula cha makopo, dagaa ni jawabu zuri kuliko linavyodhaniwa. Huliwa mzima, na mifupa yake ni kalsiamu. Aloweshwe ili chumvi itoke, achemshwe, na supu yake asinyimwe, kwa kuwa taurini huyeyuka katika maji ya kupikia. Vipande vya maini mara moja kwa wiki huleta vitamini A. Kila siku ni kuzidisha. Milo iwe minne kwa siku hadi mwezi wa tatu au wa nne, kisha mitatu.

Paka wa pwani

Vitabu na chati nyingi zinazotumika zimetoka ng'ambo. Chati zilizochapishwa mwaka 2022, mathalani, zilitokana na rekodi za paka wa manyoya mafupi wa Marekani. Paka wa Lamu, wenye miguu mirefu, kifua chembamba na kichwa kidogo, hawakuumbwa kwa kipimo hicho, na paka mzima wa huko aweza kuwa na afya kamili akiwa na kilo tatu. Mtoto wake atakwenda karibu na ukingo wa chini wa ukanda uliotajwa hapo juu, pengine chini yake kidogo, na hilo lisimtie mtu hofu iwapo mstari unapanda na mbavu zina kifuniko. Shule ya Lamu, ya Tanga au ya Dodoma yaweza kuchora ukanda wake yenyewe: matumbo matatu au manne ya watoto wenye tarehe ya kuzaliwa inayojulikana, wakapimwa kila wiki hadi wiki ya ishirini, madume na majike wakaandikwa mbalimbali, na pembeni ya kila uzito pakaandikwa hali ya mbavu na ya tumbo. Wale waliougua wasifutwe katika daftari, bali watiwe alama na kuachwa nje ya wastani. Kuanzia mwezi wa sita kupima mara moja kwa mwezi kunatosha, isipokuwa kwa paka aliyehasiwa. Huyo huhitaji nishati kidogo kuliko zamani huku hamu yake ya kula ikizidi, na hapo ndipo mkono huanza kutafuta unene badala ya wembamba.